Mkoba wa Mama Mkwe

Gari langu limenikaribia umri, na alfajiri ya baridi sote wawili tunataka kubembelezwa. Ni la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, lenye choki ya kuvuta kwa mkono: kishikio cheusi katikati ya dashibodi. Ukikivuta, waya wake unafunga kilango cha hewa kwenye kabureta, injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo. Injini ya baridi haiwaki bila kuzidishiwa hivyo, kwa sababu petroli nayo ikiwa baridi haigeuki mvuke vizuri, inabaki matonematone. Ikishapata moto, choki inarudishwa.

Ya kwangu hurudi yenyewe hata usipotaka. Kishikio kimelika, hakishiki, na springi iliyoko kule kwenye kabureta haina subira. Dawa yake ni kibanio cha nguo: unavuta, unabana, unaondoka, baada ya dakika chache unabandua.

Siku ya kumpeleka mama mkwe stendi, saa kumi na moja alfajiri, kibanio hakikuonekana.

Basi mkono mmoja ukavuta choki, mwingine ukashika ufunguo, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa anatazama, mguu nao nikaupa kazi. Nikakanyaga na kuachia mafuta kama fundi cherehani aliyechelewesha nguo za sikukuu. Kosa kubwa. Kila ukikanyaga, kabureta ina kipampu kinachorusha petroli ndani. Ukijumlisha na choki, hiyo ni gharika. Stata ikalia weee, harufu ikajaa mpaka mama akashusha kioo. Plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikarudisha choki, nikakanyaga mafuta hadi chini nikatulia hapohapo bila kuachia ili hewa ipite, nikapiga stata tena. Gari likakohoa, likawaka. Nikamtazama mama kwa jicho la rubani.

"Haya mama, shikilia vizuri twende."

Hayo maneno ndiyo yaliyoniponza.

Hatukufika mbali. Gari likaanza kurukaruka kama mtu mwenye kwikwi, nyuma moshi mweusi tii. Mama akashtuka, akaukumbatia mkoba wake kifuani. Kwikwi zikazidi. Akaukumbatia kwa nguvu zaidi. Gari likazima.

Nikafunua boneti, nikafungua plagi: nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikazisugua huku nikitoa mhadhara. Mafuta machafu haya, mama. Au koili. Au waya za plagi. Mama alikuwa ameshuka na mkoba wake kunyoosha miguu, akiitikia tu "ehee, baba". Nikawasha. Injini ikatulia, inakoroma kama paka aliyeshiba.

Mama akapanda. Tukaondoka. Kwikwi.

Tulisimama mara tatu, na mara zote tatu gari lilipona mama aliposhuka na kuugua alipopanda. Mimi ni mtu wa kufuata ushahidi, na ushahidi ulielekea upande mmoja tu. Lakini unamwambiaje mzazi aliyekupa mke kwamba gari linamkataa?

"Mama, sijui ungekaa kiti cha nyuma... mizani ya gari ikae sawa..."

"Unanipima uzito, baba?"

Nikanyamaza. Basi la alfajiri wakati huo lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo aibu yangu haikuwa na haraka.

Tulipogeuza kurudi nyumbani, mama akasema polepole, "Mwanangu, mbona kila nikiuvuta mkoba wangu, gari linakohoa?"

"Mama," nikamjibu, kwa upole wa mtaalamu, "gari halijui mkoba."

Hakubishana. Aliuvuta. Gari likakohoa. Akaulegeza, likatulia. Akauvuta tena, moshi. Ndipo nikateremsha macho: mkanda wa mkoba ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye kishikio cha choki. Nilipomwambia ashikilie vizuri, alitafuta pa kushikilia, akakiona hicho, kimekaa kama msumari wa kutundikia. Kila hofu ilipompanda aliivuta choki yote, injini ya moto ikanyweshwa petroli isiyoihitaji, plagi zikavaa masizi. Na mimi muda wote huo nalaumu koili.

Sikusema neno hadi nyumbani. Mke wangu alipoulizia tumesahau nini, mama alijibu, "Gari lilikuwa na kikohozi," akaingia ndani mbio, mabega yakitikisika.

Kesho yake alfajiri, baridi ileile, kibanio bado hakijapatikana. Mama mkwe akakaa mbele, akazungusha mkanda mara mbili, akajiweka sawa.

"Niambie tu, baba. Nivute lini, niachie lini?"

Liliwaka kwa stata moja.