Hisa za mama haziuzwi

Jumapili nilimkuta mama sebuleni, bahasha ya kaki mapajani. Ndani mna hati ya hisa 1,000 za CRDB alizonunua 2009, benki ilipouza kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Shilingi 150,000 zile zilitoka kwenye vitumbua, na hati ina doa la mafuta pembeni mpaka leo.

"Nipeleke kwa dalali," akaniambia. "Mjukuu wangu kasema niuze, tununue za Marekani."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekaa palepale, simu mkononi. "Shangazi, benki ni hisa za wazee. Hii ya akili mnemba imepanda mara tatu tangu Januari." Nikamuuliza kampuni hiyo ilipata faida gani mwaka jana. Akanijibu, faida itakuja.

Itakuja! Neno hilo limenikaa rohoni wiki nzima.

Tumeshaisahau Jumia, ile kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni? Aprili 2019 iliingia Soko la Hisa la New York kwa dola 14.50 kila hisa, na siku hiyohiyo ikafunga juu ya dola 25. Watu wakashangilia. Waraka wake wa kuuza hisa ulikuwa umeandika wazi kwamba hadi mwisho wa 2018 hasara iliyolimbikizwa ilifika yuro milioni 862. Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake hapa Tanzania. Machi 2020 hisa ikawa chini ya dola 3, Februari 2021 ikapaa kupita 60, kisha ikaporomoka tena. Katika kupanda na kushuka kote huko hakuna mwaka hata mmoja uliofungwa kwa faida. Na haikuwa kampuni hewa: maghala yalikuwepo, pikipiki zilikuwepo, wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kubaki baada ya kuwalipa wote hao. Mama alijua hesabu hiyo kila alfajiri. Unga, mafuta na mkaa vikizidi mauzo, kesho hakuna kuwasha jiko, na hakuna mtu angemletea mtaji mwingine kwa sababu ya matumaini.

Haya, Amazon nayo iliingia sokoni 1997 na haikupata faida ya mwaka mzima mpaka 2003. Nakubali. Lakini katikati hapo hisa zake zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani, na wenzake wengi wa enzi ile hawakufufuka. Kijana mwenye mshahara anaweza kuvumilia hilo kwa pesa yake. Mama ana miaka 74.

CRDB nayo iliwahi kutuumiza. Kuna miaka hisa zilishuka chini ya 150, na gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, likawa halifiki shilingi 10 kwa hisa. Lakini lililipwa, kwa sababu faida ilikuwepo. Gawio la 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Ondoa kodi ya zuio asilimia 5, mama anabaki na 61,750, zaidi ya theluthi ya pesa aliyoweka, na hisa zake bado anazo.

Kwa dalali tunakwenda Jumatatu. Akaunti ya kupokelea gawio aliyoandikisha 2009 ilishafungwa, tunakwenda kuandikisha mpya ili gawio lijalo lisipotee njiani.