Templeti Haijausikia Wimbo

Wiki hii nimeletewa kazi ya kumiksi na mpaka sasa sijui nimkasirikie nani kwanza. Mwimbaji ni dada wa Tanga, sauti ya kwao hasa, ile inayopanda taratibu na kujikunjakunja kabla haijatua. Nikafungua folda, nikabonyeza pleya, nikasikia roboti. Wimbo uko kwenye ufunguo wa A maina. Auto-Tune, programu inayovuta sauti ifike kwenye noti za ufunguo uliochaguliwa, imefungwa kwenye G maina. Kwa hiyo kila dada wa watu akigusa B au E, noti mbili ambazo G maina haina, anasukumwa juu au chini kwa jirani, atake asitake.

Nikampigia prodyuza wake. Mbona ufunguo siyo? Akanijibu bila hata kusita: "Aah, hiyo ilikuwemo kwenye templeti, bro."

Ilikuwemo! Kana kwamba templeti, mpangilio uliohifadhiwa tayari ili ufunguliwe kila wimbo mpya unapoanza, ndiyo iliyokaa kwenye kiti na kumrekodi.

Basi nitumie vokali kavu, ile ambayo haijaguswa na chochote, nikamwambia. Hakuna. Kwenye FL Studio, programu yake ya kurekodia, kile kirekodi chake kiitwacho Edison kimekaa chini kabisa, baada ya Auto-Tune, kompresa na kila kitu, na Edison hurekodi kile kinachoifikia. Kilichobaki kwenye diski ni sauti iliyokwisha kukaangwa. Angekuwa kwenye Pro Tools, programu nyingine ya kurekodia, na plagini zile (viprogramu vya kuchakata sauti) zimekaa juu ya treki yenyewe ya vokali, faili lingebaki kavu na mimi ningezizima tu. Hapa hakuna cha kuzima. Ule mkunjo wa mwisho wa mstari, ambao nina hakika ndio uliomfanya mtu atoe hela zake kumpeleka studio, umelimwa ukawa ngazi.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Templeti ipange chumba: majina ya treki, rangi, njia za sauti, hedifoni za mwimbaji, riverbu imeshaunganishwa inasubiri. Ikishaanza kuamua sauti ya mtu iweje, imevuka mpaka. Ikwalaiza iliyokata 300 Hz kwa sababu mwimbaji wa mwezi uliopita alikuwa na sauti nzito inajua nini kuhusu huyu wa leo? Kompresa ina kiwango cha kuanzia kubana, na kiwango hicho kilipangwa kwa mtu aliyekuwa anapiga kelele sentimita tano kutoka kwenye maiki. Dada yetu anaimba kwa utulivu, kasimama nyuma kidogo. Kompresa haimgusi kabisa mpaka afike kwenye kiitikio, halafu inamkaba. Ni fundi cherehani aliyekata suti kabla mteja hajaingia dukani, kisha anamlaumu mteja kwa mabega yake.

Nawajua mtakachosema. Muda ni pesa, studio zinalipwa kwa saa, umeme unaweza kukatika wakati wewe bado unaandika jina la treki ya pili. Kweli. Nakubali, kwa shingo upande. Msanii akija na mzuka wake, ukamkalisha dakika ishirini unatafuta waya upi unaingia wapi, mzuka unaondoka na yeye anabaki anachezea simu. Kuna vijana pia hupenda kunitajia Chris Lord-Alge, fundi wa kumiksi wa Marekani, kwamba hata yeye ana mpangilio wake mmoja. Ndiyo, anao. Alijulikana kwa kuubana kila wimbo kwenye treki 48, dramu mahali pake, vokali mahali pake, meza ileile ya kumiksia ya SSL, vyombo vilevile vimeunganishwa muda wote. Lakini vidole vyake viko kwenye vitufe na masikio yako wazi. Mpangilio unamsaidia asitafute dramu ya kiki iko wapi. Haumsaidii asiisikilize.

Halafu kuna hawa wenye templeti za treki tisini na kitu. Kompyuta ina RAM ya GB 8, inahema dakika tatu nzima kufungua, na wimbo wenyewe una biti moja ya stereo na vokali nne. Treki nyingine zote tupu, kila moja na plagini zake, zimekaa kama zinasubiri okestra ishuke kwenye daladala. Haina haja. Pro Tools ina Import Session Data: unachukua treki unazotaka kutoka sesheni ya zamani, nyingine unaziacha kwao. Cubase ina Track Archive. Reaper ina templeti za treki mojamoja, unaita ya vokali peke yake inaingia na vyake. FL unahifadhi treki ya miksa peke yake na kuiburuta ndani siku unayoihitaji. Weka mambo vipandevipande, uite kinachohitajika.

Tempo nayo. FL Studio ikifunguka inakupa midundo 130 kwa dakika, Pro Tools na Cubase 120. Huwa najiuliza ni nyimbo ngapi mjini ziko kwenye 130 kwa sababu tu hakuna aliyeigusa ile namba. Watu wa singeli wamepona ugonjwa huu, maana huwezi kufika 200 na zaidi kwa bahati mbaya. Ila mletee kijana chakacha, mdundo wa sita kwa nane, uone anavyoukunja uingie kwenye gridi ya nne kwa nne aliyoikuta, halafu anashangaa kwa nini akina mama hawanyanyuki.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Hakuna treki za kutenganisha, hakuna cha kurekebisha baadaye, kundi zima linapiga pamoja na sauti inaingia ilivyo. Mkwaruzo umejaa, ndiyo. Lakini unasikia ni nani anaimba. Karibu miaka mia baadaye tuna vifaa ambavyo wale mafundi wa Bombay wasingeviota, na dada wa Tanga anasikika kama mtu yeyote mwenye laptopu.

Mambo madogo, nisije nikasahau. Angalia sampo reti ya templeti (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde) kabla hujarekodi: faili la 44.1 kHz likichezwa kama 48 bila kubadilishwa, wimbo unakimbia na kupanda karibu nusu toni moja na nusu, na mwimbaji atadhani ni yeye. Limita, ile inayozuia sauti isivuke kiwango, kwenye masta, njia ya mwisho ya wimbo mzima, toa. FL ina templeti inayokuja na limita hiyo kabisa, na nusu ya miksi ninazoletewa zimepigwa bapa na limita ambayo mwenyewe hajui kama ipo. Faili la templeti liwekee kufuli, lisomwe tu lisiandikwe, maana siku moja utabonyeza Save kwa mazoea na wimbo wa mteja ndio utakuwa templeti yako mpya. Na Auto-Tune, kama lazima ikae humo, iache imezimwa. Ukiiwasha kwa mkono wako utalazimika angalau kumuuliza mpiga kinanda tuko kwenye ufunguo gani.

Na ninyi mnaouza templeti mtandaoni, eti "sauti ya viwango vya kimataifa kwa kubonyeza mara moja": andikeni basi ni plagini zipi zinahitajika. Vijana wananunua, wanafungua, wanakuta masanduku kumi na mawili yameandikwa haipatikani, halafu wanakuja kuniuliza mimi. Sikuwauzia mimi.