Usimwambie mjane asamehe

Huku Lancaster, Pennsylvania, Marekani, ukitoka nje ya mji kidogo tu unakutana na kigari cha farasi barabarani, na ndani yake baba mwenye ndevu ndefu asiye na masharubu. Hao ndio Waamish, Wakristo wanaoishi kizamani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawashangaa kama mtalii. Siku hizi wakinipita namuwaza baba yangu mdogo, na nitawaeleza kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Shirati, Rorya, Tanzania, nimelelewa Kanisa la Mennonite. Wamisionari waliofika kwetu mwaka 1934 walitokea hukuhuku Lancaster. Wamennonite na Waamish ni ndugu, shina lao moja: Waanabaptisti wa Ulaya wa karne ya 16, watu waliokataa kushika upanga wakaishia kuchomwa moto na kuzamishwa majini na Wakristo wenzao. Kwa hiyo ile "wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi" niliikariri kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka.

Baba alipofariki, baba mdogo alichukua shamba la bondeni, lile ambalo baba alilinunua kwa hela yake mwenyewe. Kikao kikaitwa chini ya mwembe. Nilikuwa na miaka 13, kazi yangu kugawa chai. Wazee wa ukoo wakaongea, mzee wa kanisa akafungua Mathayo 18, saba mara sabini, na wote wakamgeukia mama, aliyekuwa kwenye mkeka ameziba mdomo kwa khanga. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia baba mdogo. Yeye aliniita nimwongezee sukari. Mama akasema amesamehe. Tukaombewa, watu wakala, wakaaga. Shamba halikurudi.

Tangu siku hiyo neno msamaha likinifikia nasikia kijiko kikikoroga kikombe.

Sasa huku. Nafanya kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku, na usiku wazee huongea. Mmoja wao, bibi wa Kimennonite, ndiye aliyenisimulia habari ya Nickel Mines, kijiji cha humuhumu kwenye kaunti yetu. Tarehe 2 Oktoba 2006, dereva wa lori la maziwa, mtu waliyemfahamu, aliingia kwenye shule ya Waamish ya chumba kimoja, akawatoa wavulana, akawafyatulia risasi wasichana kumi. Watano walikufa. Kisha akajiua. Siku ileile, kabla hata ya mazishi, Waamish walikwenda kwa familia ya muuaji kuwapa pole. Alipozikwa, miongoni mwa waliosimama kaburini walikuwemo wazazi waliokuwa wametoka kuzika mabinti zao. Misaada ilipomiminika kutoka duniani kote, mjane wa muuaji naye akatengewa fungu.

Nilimwambia bibi: kwetu huyo mjane angehama usiku. Akacheka kidogo, akasema wale wazazi hawakulala wakaamka wamesamehe. Ilibidi warudie kila siku, kama kukamua ng'ombe.

Nimelitafakari hilo miaka sasa, na kilichonishika ni nani alitembea kwenda kwa nani. Hakuna aliyewaketisha kina mama wa wale mabinti kwenye mkeka akawasomea aya. Jamii nzima ilibeba mzigo: wengine walipeleka chakula, wengine walikesha na wafiwa, na lile jengo la shule wakalibomoa siku kumi baadaye ili watoto wasilione tena. Mama wa muuaji naye alikuja kuwa mgeni wa kila wiki kwenye nyumba ya binti aliyeumia kuliko wote, akimwogesha, akimsomea, akimwimbia. Kwetu tunaanzia mwisho. Tunamdai aliyeumia msamaha siku ya kwanza, halafu tunamwacha nao peke yake.

Mtaniambia muuaji wa Nickel Mines alikuwa ameshakufa, hakuna wa kumshtaki, hivyo ilikuwa rahisi. Haya, chukueni Charleston, South Carolina, hukuhuku Marekani. Juni 17, 2015, kijana mzungu mbaguzi aliua Waamerika weusi tisa kanisani kwao, kwenye kipindi cha Biblia. Siku mbili baadaye baadhi ya wafiwa walimwambia mahakamani kwamba wamemsamehe. Kesi haikufutwa kwa sababu hiyo, na mwaka 2017 alihukumiwa kifo. (Mimi hukumu ya kifo siipendi, lakini hilo ni la siku nyingine.) Na Waamerika weusi wengi waliuliza swali ambalo mama angelielewa mara moja: mbona sisi ndio tunaosubiriwa kusamehe kila siku?

Msinielewe vibaya, sisemi huku ni peponi. Huku unaweza kumchukia mtu maisha yako yote kwa adabu kabisa. Mwenzangu kazini hajaongea na dada yake miaka tisa, na wanakaa mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Wamegombania vyombo vya mama yao. Kwetu hilo haliwezekani. Mtakutana kisimani, mtakutana msibani, mtoto wako atacheza mpira na wake. Adui wa nyumbani ana sura, ana kikohozi unachokijua. Huku adui ni namba ya simu unayoifungia, na kumpenda mtu uliyemfungia simu sijui kunaanzia wapi.

Mwaka jana baba mdogo alilazwa. Kidonda cha sukari mguuni. Binamu zangu wakanipigia, maana mimi ndiye "wa Marekani" kwenye ukoo, wakitaka hela ya matibabu. Nilikaa na simu mkononi jikoni mpaka wali ukaungua. Nikampigia mama nikitegemea aniambie nisitume. Nilitaka sana aniambie nisitume.

Akasema, "Tuma. Mimi mwenyewe natoka huko, nimempelekea uji."

Nikamkumbusha shamba. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ile ya Paulo kwa Warumi, kwamba ukimlisha adui unampalia makaa ya moto kichwani, na nikamsikia anacheka. Kisha akaniambia niongeze nauli yake, kwa sababu Jumatano kesi inatajwa kwenye baraza la ardhi. Kesi gani? Ya shamba. Ameifungua yeye, baada ya miaka yote hiyo, bila kumuuliza mzee yeyote. Karatasi ya mauziano ya baba anayo, alikuwa ameificha ndani ya godoro.

"Kwa hiyo hukumsamehe," nikasema.

"Nilimsamehe zamani. Shamba ndilo sikumpa."

Mdogo wangu alinitumia picha siku hiyo ya Jumatano. Mama yuko kituoni anasubiri gari, kikapu kwenye paja. Ndani ya kikapu inachungulia chupa ya uji ya kumpitishia mgonjwa, na pembeni yake bahasha ya kaki.