Programu Iliyogandishwa Ifufuliwe kwa Lebo ya Nani?

CRIU, zana aliyoianzisha Pavel Emelyanov mwaka 2011, huigandisha programu ya Linux ikiwa kazini, ikaandika diskini kumbukumbu yake na orodha ya faili ilizofungua, kisha ikaifufua baadaye, hata kwenye seva nyingine. Kinachozua ubishi ni lebo ya moduli ya usalama, yaani alama ambayo sehemu ya ulinzi ya Linux huipa programu ili kuamua inaruhusiwa kugusa nini: ikifufuliwa, irudishiwe lebo ya zamani au ipewe nyingine? Chini ya SELinux, mojawapo ya moduli hizo, kontena (programu iliyotengwa na nyingine kwenye seva moja) huweza kuwa na lebo inayoishia container_t:s0:c12,c87. Namba hizo mbili za mwisho ndizo zinazolizuia kugusa faili za kontena jirani.

Wapo wasemao lebo irudi vilevile. Hoja yao ina uzito: mchakato (programu iliyo kazini) uliokuwa umebanwa ukifufuliwa kwa lebo ya msimamizi aliyeufufua, ambaye mara nyingi habanwi na chochote, umefunguliwa pingu bila mtu kujua.

Wa upande wa pili hawaiamini faili ambayo CRIU imeihifadhi diskini. Aliyeifikia aweza kuihariri na kujiandikia lebo aitakayo. Tangu Linux 5.9 ya mwaka 2020 kuna ruhusa ya CAP_CHECKPOINT_RESTORE, iliyowekwa ili kazi hii ifanyike bila mamlaka yote ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa hiyo wafufuaji nao wanaweza kuongezeka. Hofu hiyo naiona imekuzwa kidogo, kwa sababu kerneli (kiini cha Linux) haitii tu kilichoandikwa: SELinux huuliza sera (kanuni zake zilizowekwa) kama mchakato unaruhusiwa kujibadilishia lebo, na Smack, moduli nyingine, kwa kawaida hudai CAP_MAC_ADMIN, ruhusa ya kusimamia ulinzi huo.

Kinachonisumbua zaidi ni kuhama seva. Kule mchakato unakohamia, c12,c87 huenda zimeshapewa kontena la mtu mwingine. Ukizirudisha kwa uaminifu, makontena mawili yasiyojuana yanasomeana faili. AppArmor, moduli nyingine tena, hutambua profaili (orodha ya sheria za programu) kwa jina, na jina lilelile laweza kuwa na sheria nyingine kabisa huko.

Kwa hiyo kwenye seva ileile ningeibakiza lebo ya zamani. Ng'ambo, mfumo unaoendesha makontena utoe lebo mpya (CRIU ina chaguo la --lsm-profile kwa kazi hiyo) na faili za kontena ziandikwe lebo upya kabla ya kulifufua. Sera ikikataa, ufufuaji ukwame hapohapo na kosa lionekane kwenye logi, hata kama mteja atasubiri.