Kijiko kipi?

Masika ya mwaka jana mama alinipigia kutoka Korogwe, saa mbili usiku. Mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Dada yuko zamu ya usiku, duka la dawa la pale mtaani limeshafungwa, mvua inamwagika. Mimi niko Dar na bando langu limejaa, basi nikafanya kile tunachofanya wote siku hizi: nikatafuta video, nikamrushia.

Kwa macho ilikuwa video safi. Kijana kavaa koti jeupe, kipimo cha daktari shingoni, rafu ya vitabu nyuma yake, muziki laini kwa chini. Dakika sita na nusu. Ya kwanza nzima ilikuwa ya kujitambulisha na kutuomba tujiunge na chaneli, tubonyeze na kengele. Ya pili na ya tatu ni maana ya kuhara. Ndipo kwenye ya nne akasema, kwa haraka kama mtu anayesoma matangazo ya vifo: maji safi lita moja, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko. Akaendelea na mengine.

Simu ikaita tena. "Mwanangu, nimemsikia huyo daktari wako. Sasa kijiko kipi? Cha chai au hiki cha kulia wali?"

Nikarudisha nyuma. Hakusema. Wala hakushika kijiko chochote. Mikono yake muda wote ilikuwa inapepea hewani. Na swali la mama halikuwa la kizee. Kijiko cha kulia kinameza vijiko vitatu vya chai. Ukikosea hapo, chumvi inakuwa mara tatu, na chumvi ikizidi kwa mtoto aliyekauka maji unamwongezea janga. Halafu likafuata la pili: lita moja anaipimaje? Chupa aliyonayo ni ile kubwa ya maji ya dukani, na ile ni lita moja na nusu. Na la tatu, ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria: sukari inajazwa kilima au inasawazishwa?

Inasawazishwa. Kijiko cha chai. Tulikaa kwenye simu, yeye na kisu cha jikoni anapitisha juu ya kijiko, mimi nahesabu naye mpaka sita. Asubuhi wakaenda zahanati, wakapewa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vya siku kumi. Mtoto ni mzima, anakimbiza kuku wa jirani.

Tangu usiku ule nina ugomvi na video za elimu. Si zile za uongo. Za uongo zinajulikana: kisukari kinapona kwa siku saba, dawa inapatikana kwa namba iliyo hapo chini, mikoani tunatuma. Hizo kila mtu anazisema. Ugomvi wangu ni na zile za kweli, zilizotengenezwa na watu wenye nia njema na vyeti vyao ukutani, ambazo zinamwacha mtu jikoni na vijiko viwili mkononi hajui ashike kipi.

Linganisha na fundi wangu wa simu pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Yule bwana amejifunza nusu ya kazi yake kwa video za Wahindi, na Kihindi hajui hata salamu. Nilimuuliza anaelewaje. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yanalowanishaje. "Kaka, si naona mkono?" Kamera imeinamia meza. Bisibisi inaingia, kifuniko kinatoka, waya unainuliwa kwa kibano. Uso wa anayefundisha hajawahi kuuona. Vijana wetu wanaoonyesha namna ya kurudisha pesa iliyokwenda namba isiyo yake nao wako hivyohivyo: kioo cha simu kinaonekana, kidole kinagusa, menyu inafunguka, umeelewa. Kwa nini basi ikifika zamu ya afya tunawekewa uso na koti jeupe?

Nadhani ni heshima. Aliyesoma anadhani kazi yake ni kutoa hotuba.

Na si jambo la jana. Watu wengi hawajui kwamba filamu za kutufundisha afya, kilimo na mambo ya fedha zilikuwa zinapigwa kwetu milimani, Vugiri, huku Usambara, tangu mwaka 1935. Ulikuwa mradi wa majaribio wa Waingereza, uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na fedha za shirika la Carnegie la Marekani, ukaendelea mpaka 1937. Zilitoka filamu fupi 35. Moja ilihusu safura. Nyingine ilihusu benki ya akiba ya posta: wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara, mmoja anauzika ardhini na mwizi anamwona, mwenzake anauweka posta. Lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Picha ilikuwa kwenye mkanda na sauti kwenye santuri. Zilirekodiwa kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa nyingine, lakini santuri ni santuri. Hata ingezungumza lugha ya nyumbani kwenu, ukiiuliza kijiko kipi haikujibu.

(Kama unataka kuona Mwafrika alivyolitatua jambo hili bila fedha za Carnegie, kumbuka vibanda vya video na wasimulizi wake wa filamu. Lufufu kwetu, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda. Picha ni ya Wamarekani au Wachina, lakini anayekusimulia anaijua mitaa yako na anakijua kicheko chako.)

Kampeni iliyolielewa jambo hili ni Mtu ni Afya, mwaka 1973. Wazazi wetu wanaikumbuka. Ilikuwa redio tu, hakuna picha hata moja iliyotembea. Lakini redio haikuachwa peke yake. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wiki kumi na mbili, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu mkononi. Kipindi kikiisha, redio inazimwa na mazungumzo ndiyo yanaanza: malaria, kichocho, safura, kuhara damu. Baada ya mazungumzo wanakubaliana cha kufanya, na wiki hiyohiyo majembe yanatoka, vyoo vinachimbwa. Baba alinisimulia kwamba kwenye kikundi chao walibishana jioni nzima juu ya choo kiwe umbali gani na kisima, na kiongozi alipoona wameshindwa kuelewana akasimama akapima kwa hatua zake.

Hatua za mtu yule ndizo hazipo kwenye simu ya mama yangu.

Mtu ataniambia mbona kuna sehemu ya maoni, si uulize hapo. Niliuliza. Nikaandika kwa adabu: daktari, kijiko cha aina gani? Jibu la kwanza lilitoka kwa muuza mafuta ya kukuza nywele. La pili lilisema "Mungu atupiganie". La tatu lilikuwa la mama mmoja aliyeuliza swali lilelile langu miezi mitano kabla yangu, naye hajajibiwa. Mwenye video ameshatoa nyingine kumi na tisa.

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu, maana watu wa kujibu wapo. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walengwa wakiwa zaidi ya 137,000. Kenya ilikuwa imeshatangulia Septemba 2023, ikawapa wahamasishaji wake wapatao laki moja mikoba ya vifaa, simu zikiwemo. Hawa ndio viongozi wa vikundi wa leo. Video fupi, yenye mkono na kijiko, ndani ya simu ya mhudumu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako, inayooneshwa uani akina mama watano wameizunguka: hiyo nitaipigania. Na kwa asiye na mhudumu jirani, namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Lakini hebu hesabu ni video ngapi za afya ulizoangalia mwezi huu zilizokutajia namba hiyo. Mimi nimehesabu zangu. Sifuri.

Kuna na suala la uzito. Dakika sita na nusu kwa picha ang'avu ni MB nyingi, na mama ananunua bando la mia tano. Video ya elimu isiyoweza kupita WhatsApp bila kumaliza bando la mtu imetengenezwa kwa ajili ya wenye Wi-Fi, na wenye Wi-Fi duka la dawa liko chini ya ghorofa yao.

Basi Jumapili moja nilipokwenda nyumbani tulitengeneza ya kwetu. Nilishika simu mimi, mkono ni wa dada, sauti ni ya mama kwa sababu ndiye anayejua watu watauliza nini. Jagi la lita moja lenye mstari. Maji yaliyochemshwa yakapoa. "Hiki ndicho kijiko, cha chai, siyo hiki," anasema mama, na mkono wa dada unakiinua kile cha wali na kukiweka pembeni. Kisu kinapita juu. Moja, mbili, mpaka sita. Chumvi nusu kijiko, onja, isizidi machozi. Tukamalizia kwamba ORS ya dukani ndiyo bora ukiipata, hii ni ya usiku ambao huipati, na kesho zahanati. Dakika moja na sekunde ishirini. Tulirudia mara nne kwa sababu ya jogoo.

Mama akaituma kwenye kikundi chake cha kukopeshana. Robo saa haikupita, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa mwenzake mmoja, na watoto wanasikika wakilia kwa nyuma. "Shoga, nimeona, nimeelewa. Na akitapika je, naacha?"

Mama akaipuuza video yake mwenyewe, akampigia.