Drafti Chini ya Maji

Mawimbi ya GPS hayapenyi maji, kwa hiyo chombo chetu, roboti ya chini ya maji, kilijiongoza kwa kamera moja inayotazama chini. Programu inashika alama zilezile kwenye picha mbili zinazofuatana, inahesabu zimesogea pikseli ngapi, inazidisha kwa kimo kutoka sakafuni, kisha inagawanya kwa urefu wa fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na kihisi cha picha, nao ukihesabiwa kwa pikseli. Hapo unapata mita. Kazi nyepesi, tukasema.

Tukakodi bwawa la mita 25. Balaa la kwanza likawa vigae: vyote pacha. Programu inachanganya kigae na jirani yake, na chombo kilichotulia tuli kinaruka kwenye ramani kama panzi. Nikatandika kanga sakafuni, tena kuukuu, maana mpya zinachuja rangi, na kila pembe nikaweka jiwe. Bila jiwe propela zinaipepea kanga, chombo kinadhani ndicho kinachotembea. Moja iliandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Kamera iliipenda kuliko zote, kwa kuwa herufi zina kona nyingi.

Tukakituma mita 10, kiende kirudi. Mara 6 kikarudi palepale nilipokiachia. Tukapeana mikono.

Ikaja safari ya kwenda tu: mita 20, kina mita 1.2, kipite chini ya kamba ya wazee wa mazoezi, kiibukie kwenye kona yetu. Skrini ikaandika 20.0. Natazama kona yetu, maji shwari.

"Papa!"

Kwenye mita 15, bibi mmoja alikuwa anaelea chali, na chombo cha kilo 14 kimemwibukia mgongoni, taa zinawaka. Sikujua la kusema. Nikapaza sauti, "Shikamoo bibi!"

"Marahaba," akajibu, huku anakizaba kofi.

Kosa lilikuwa letu. Kalibresheni, yaani kupima urefu wa fokasi wa kamera, tuliifanyia mezani, pakavu. Lenzi ikiwa nyuma ya dirisha bapa la akriliki, maji yanaongeza urefu wa fokasi kwa takriban 1.33: fokasi yetu ya pikseli 600 ikawa karibu 800, nasi tunaendelea kugawa kwa 600. Kila mita 3 za kweli zikaandikwa 4. Ukienda na kurudi, uongo wa kwenda unafutwa na uongo wa kurudi, chombo kinafika nyumbani kikiwa na sura ya mkweli. Jaribu safari ya upande mmoja, na upime kwa futikamba.

Dawa yake ni ubao wenye miraba myeusi na myeupe kama wa drafti, uliogundishwa kwenye bati la alumini usijikunje, na picha 40 ndani ya maji, ukiinamishwa huku na huku hadi pembe zote za picha zijae, kwa sababu pembeni ndiko mwanga unakopinda zaidi.

Jumamosi iliyofuata tukazama, mwenzangu kashika ubao, mimi nimekodoa macho na kamera. Tulipoibuka kuvuta pumzi, bibi yuleyule alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini.

"Wajukuu zangu, nani anaongoza?"