Kosa la Spring Boot Lisomwe Kabla ya Kunyamazishwa

Sisi tunaoandika programu za Java hapa Nairobi, hasa tunaohudumia sacco, benki na kampuni za malipo, tumejenga mazoea ambayo naamini yanatugharimu kuliko upungufu wowote wa Spring Boot yenyewe, mfumo tunaoutumia kuunda programu hizo. Programu ikikataa kuwaka, au ikiwaka kisha ikakwama saa ambazo wateja ni wengi, swali la kwanza linaloulizwa ofisini si kwa nini imekwama, bali ni mpangilio gani uongezwe ili ujumbe wa kosa uondoke kwenye skrini. Mtu hunakili mstari mmoja kutoka mtandaoni, anaubandika katika application.properties, faili ya mipangilio ya programu, programu inawaka, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na atakayeumia baadaye ni mwanachama wa sacco ambaye amelipa mkopo wake na salio halibadiliki.

Kosa la Java huja na maandishi marefu yanayotisha, na urefu huo una sababu. Spring huunda vijenzi vya programu kimoja baada ya kingine, na vingi kati yavyo vinategemeana. Cha ndani kabisa kikishindwa, cha juu yake nacho hushindwa na kutoa kosa lake, na makosa hayo hufungwa moja ndani ya jingine mpaka yamfikie msomaji. Kwa hiyo mstari wa juu unaweza kulalamika kwamba klasi (kipande cha msimbo) inayopokea maombi ya wateja haikuundwa, ilhali klasi hiyo haina kasoro hata kidogo, na ukishuka hadi sehemu ya mwisho inayoanza na maneno "Caused by" unakuta hifadhidata imekataa nywila, au jedwali fulani halipo. Nimeona watu wenye bidii wakiandika upya klasi nzima kwa sababu walisoma mistari ya mwanzo tu.

Waundaji wa Spring Boot wamejitahidi kutusaidia. Programu ikishindwa kuwaka kwa sababu inayotambulika, huchapishwa maelezo mafupi yenye sehemu mbili, moja ikieleza tatizo na nyingine hatua ya kuchukua. Tazama yanayotokea vijenzi viwili vinapotegemeana kwa mduara, mfano huduma ya mikopo inaihitaji huduma ya wanachama, na ya wanachama nayo inaihitaji ya mikopo. Tangu toleo la 2.6, lililotoka Novemba 2021, mduara wa aina hiyo hukatazwa isipokuwa mtu auruhusu mwenyewe, na maelezo yanamtaka mwandishi kwanza auondoe. Ni baada ya hapo tu ndipo yanapotaja, kama njia ya mwisho, mpangilio wa spring.main.allow-circular-references. Wengi wetu huruka sentensi ya kwanza na kuinakili ya mwisho. Mduara unabaki, huduma hizo mbili zinazidi kushikana, na siku ambayo hesabu ya riba inapaswa kubadilishwa hakuna anayethubutu kugusa upande mmoja. Dawa yake kwa kawaida ni kuitoa ile kazi inayohitajiwa na pande zote mbili na kuipa klasi yake ya tatu.

Kuhama kutoka toleo la 2 kwenda la 3 nako kumeleta makosa yake. Spring Boot 3.0 ilitoka Novemba 2022 ikidai angalau Java 17, na ikahamia Jakarta EE, jina jipya la viwango vya Java vya programu za seva, ambapo vifurushi vingi vilivyoanza na javax sasa huanza na jakarta. Programu ikilalamika kwamba haipati javax.servlet.http.HttpServletRequest, mara nyingi kuna maktaba ya zamani miongoni mwa zile unazozitegemea, na kuiweka maktaba ya zamani ya servlet, ile ya kupokea maombi ya wavuti, kando ya mpya hakutatui chochote, kwa kuwa mbele ya Java hizo ni aina mbili zisizojuana. Wala si kila javax inabadilishwa: javax.sql na javax.crypto ni sehemu ya Java yenyewe na zimebaki zilivyokuwa, hivyo anayebadilisha jina hilo katika mradi mzima kwa amri moja anajitengenezea makosa mapya. Amri ya mvn dependency:tree itamwonyesha ni maktaba ipi iliyoileta ile ya zamani.

Kosa ninalotaka kulikalia zaidi ni la miunganisho ya hifadhidata kuisha, kwa sababu linawafikia wananchi moja kwa moja na ndilo tunalolitibu vibaya kuliko yote. Spring Boot hutumia maktaba ya HikariCP kutunza akiba ya miunganisho, na bila kuambiwa vingine akiba hiyo ina miunganisho 10, huku Tomcat, seva ya wavuti iliyomo ndani yake, ikiweza kushughulikia maombi hadi 200 kwa wakati mmoja. Ombi likikosa muunganisho husubiri sekunde 30, kisha logi, yaani kumbukumbu za programu, huandika "Connection is not available, request timed out after 30000ms". Katika sacco moja ninayoifahamu ujumbe huo ulijaa kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na wanachama wakilipa mikopo kwa simu. Jibu lililotolewa lilikuwa kuongeza akiba kutoka 10 hadi 100. Mfumo uliendeshwa kwenye seva mbili, na hifadhidata yake ya PostgreSQL isipobadilishwa hukubali miunganisho 100 kwa jumla. Basi hifadhidata yenyewe ikaanza kukataa maombi, na ripoti za uhasibu zikakwama pamoja nayo.

Chanzo kilikuwa ndani ya methodi moja (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) yenye alama ya @Transactional, inayoifanya kazi yote kuwa muamala mmoja wa hifadhidata: ikamilike yote au ifutwe yote. Ilifungua muamala, ikaandika ombi la malipo, ikaita huduma ya malipo ya nje, ikasubiri jibu, kisha ikaandika matokeo na kufunga muamala. Muda wote wa kusubiri, muunganisho ulikuwa umeshikwa bila kufanya kazi yoyote. Huduma ya nje ikichukua sekunde 8 kujibu, maombi kumi yanatosha kuimaliza akiba, na wa kumi na moja, hata kama anataka kuona salio tu, anasubiri. Baya zaidi, muamala ukivunjika baada ya huduma ya nje kupokea pesa, kumbukumbu yetu inafutika ilhali pesa zimeshatoka. Tiba ni kuigawa kazi: muamala mfupi wa kuandika ombi, wito wa nje bila muamala wowote, kisha muamala mwingine mfupi wa kuandika jibu. Mitego ipo. Methodi hizo fupi zikiwa katika klasi ileile inayoziita, @Transactional haitafanya kazi, maana Spring kwa kawaida huianzisha kupitia wakala anayesimama nje ya klasi, na wito wa ndani haumpitii. Mpangilio wa spring.jpa.open-in-view nao huwa umewashwa tangu mwanzo, na unaweza kuushikilia muunganisho hadi ombi zima limalizike. Programu huonya juu yake inapowaka, katika mstari wa WARN ambao karibu hakuna anayeusoma. Ukiuzima utakutana na kosa la LazyInitializationException mahali ulipokuwa ukisoma data nje ya muamala bila kujua, na kwa maoni yangu hilo ni jema, maana linafichua maswali ya hifadhidata yaliyokuwa yamejificha. Anayetaka ushahidi kabla ya kugusa msimbo aweke leak-detection-threshold ya HikariCP, tuseme milisekunde 5000, na logi itamwonyesha ni wapi muunganisho ulichukuliwa na kukawia kurudishwa.

Saa nazo zinatusumbua kimyakimya. Seva nyingi za wingu huendeshwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Malipo ya saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 yakiandikwa kwa LocalDateTime.now() kwenye seva hiyo, yanasomeka saa nne na nusu usiku katika siku ya mwisho ya mwezi uliopita, na taarifa ya mwezi haitalingana. Kuongeza saa tatu kwa mkono ndani ya ripoti hudumu mpaka mtu mwingine airekebishe seva. Afadhali kuhifadhi Instant, aina ya Java inayotaja wakati bila kutegemea saa za eneo, kuweka hibernate.jdbc.time_zone (mpangilio wa saa za kuandikia hifadhidata) kuwa UTC, na kugeuza kuwa Africa/Nairobi wakati wa kumwonyesha mtu.

Ningependa viongozi wa timu wakatae kufunga tiketi yoyote ya kosa isiyoonyesha chanzo chake, na kila mpangilio ulioongezwa uandikiwe pembeni umeondoa kosa gani. Spring Security, sehemu ya ulinzi ya Spring, ikijibu 403 (ombi limekataliwa) kwa kila ombi la POST, yaani la kutuma data, anayetaka kuzima ulinzi wa CSRF aulizwe kwanza kama mfumo humtambua mtumiaji kwa kuki za kivinjari. Mfumo ukimtambua hivyo, ulinzi huo ndio unaoizuia tovuti nyingine kutuma ombi la kuhamisha pesa kwa jina la mwanachama aliyekwisha kuingia.